Kwenda Manamba, Mara ya Pili

Tuliondoka Njombe saa kumi na moja alfajiri kwa Noah ya kuazima. Baba alikuwa amevaa koti zito la baridi ambalo sote wawili tulijua atalivua kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni. Nyuma tulipakia gunia la viazi, ndoo mbili za parachichi na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Nilimwambia saruji inauzwa hata Korogwe. Akasema anajua.

Bibi hakuja nasi. Alitoka hadi mlangoni akiwa amejifunika blanketi, akasema maneno machache kwa Kibena, akarudi ndani. Kibena changu ni cha salamu tu, kamwene na kuitikia kamwene, kwa hiyo nilisubiri. Tulipokaribia Makambako, baba akanitafsiria bila kuulizwa: "Amesema tukimwona, tumwambie tulihama."

Anayetakiwa kuambiwa ni shangazi yangu. Alikufa mwaka 1961 akiwa na miaka sita, akazikwa pembeni mwa shamba la mkonge mkoani Tanga, ambako babu alikuwa kibarua. Ni vigumu kumwita shangazi mtoto wa miaka sita, lakini sina neno jingine.

Nilipoanza shahada ya uzamili ya historia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, niliandika pendekezo la utafiti kuhusu vibarua wa mkonge. Niliandika kama mtu anayezungumzia watu wengine. Nilijua babu "alikwenda manamba", kama tunavyosema Njombe, ila kila ukoo Ubenani una mtu aliyekwenda manamba, kwa hiyo ilikuwa kama kusema babu alikuwa na miguu miwili. Neno lenyewe limetokana na namba: mtu aliandikishwa, akapewa namba, na kuanzia hapo karani aliita namba. Nilikuwa nimekwishaisoma asili hiyo ya neno katika vitabu vitatu kabla sijawahi kumuuliza baba namba ya babu ilikuwa ngapi.

Nilipomuuliza, alileta mfuko wa nailoni uliofungwa kwa singa, zile nyuzi za mkonge, zikiwa bado nyeupe. Ndani mlikuwa na kadi 14 za kipande.

Kipande kinahitaji maelezo kidogo. Katika mashamba ya mkonge enzi za Waingereza, mwezi wa kazi haukuwa mwezi wa kalenda. Kibarua alipewa kadi yenye visanduku 30, na muda wa siku 42 kuvijaza. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, kisanduku kimoja kiliwekwa alama. Visanduku vyote vikijaa, mshahara ulilipwa. Siku ambayo hukumaliza, hata kama ulitoka alfajiri ukarudi jioni, kwenye kadi haikuwapo. Ndiyo maana wazee wa mkonge wanahesabu maisha kwa vipande: nilikaa vipande sita kwenye ukataji, nikahamia brashi vipande ishirini.

Kadi 13 zilikuwa zimejaa. Moja, ya Aprili 1961, ilikuwa na alama 19 halafu visanduku 11 vitupu.

Niliigeuza nikitafuta maelezo, kama nilivyofundishwa kufanya na waraka. Hakukuwa na kitu. Baba akasema, "Hapo ndipo dada alipokufa." Ilikuwa surua. Bibi alipoulizwa kama zile siku 19 zililipwa, alisema hakumbuki habari za hela. Anachokumbuka ni kwamba babu alikaa ndani siku tisa, na mnyapara alikuja mara mbili kusimama mlangoni, lakini mara zote mbili aliondoka bila kusema kitu.

Safari yetu ilianzia hapo. Baba amestaafu ualimu, ana miaka 67, na kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa hajakanyaga Korogwe. Alisema kama mimi naandika tasnifu juu ya kambi, basi ni aibu niandike bila kuiona. Na kama tunakwenda kuiona, basi dada yake ajengewe.

Iringa tulipita bila kusimama. Kwenye mteremko wa Kitonga baba aliniachia usukani, kisha akautumia muda huo wote kunielekeza namna ya kuushika. Chini, kwenye bonde la mibuyu, joto lilituingia mara moja, na koti likavuliwa. Tulinunua vitunguu pale Ruaha Mbuyuni kwa sababu hakuna apitaye pale bila kununua vitunguu.

Nilikuwa nimeweka kwenye simu ramani ya njia waliyopita manamba, na nilitaka kumsomea. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya pamoja ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kama SILABU, baada ya miaka mingi ya kunyang'anyana watu. Ofisi hiyo ilikuwa na mawakala, malori na kambi za kulala njiani, na ilifika hadi kwenye wilaya za mbali kama Njombe, Kigoma na Songea, kuvuka hata mipaka. Wilaya hizo hazikuwa mbali kwa bahati mbaya. Zilikuwa mahali ambapo kodi ya kichwa ilidaiwa lakini pesa ya kulipia haikupatikana karibu. Hapo Njombe, hadi kampuni ya miwati ilipoanza mwaka 1949, mtu aliyetaka shilingi za kodi alikuwa na njia chache, na kwa wengi lori la Tanga ndilo lililofika mlangoni.

Babu alipanda lori hilo mwaka 1951. Ulikuwa mwaka mzuri kwa wenye mashamba. Vita vya Korea vilikuwa vimepandisha bei ya mkonge hadi kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana, na kila mwenye shamba alitaka mikono. Alisaini mkataba wa miaka miwili kwa dole gumba, akapewa blanketi. Mwaka 1954 alirudi Njombe kuoa, akaondoka tena na Bibi. Bibi anasimulia safari ile kwa maneno matatu: lori, treni, lori. Lori la kwanza hadi Dodoma, treni hadi Morogoro, kisha lori tena hadi Korogwe, kwa kuwa kipande cha reli kinachounganisha Ruvu na njia ya Tanga kilikamilika mwaka 1963 tu. Siku tano. Sisi tulikuwa tunalalamika kuhusu matuta.

Tulikorofishana ndani ya hifadhi ya Mikumi, katikati ya kundi la swala.

Nilikuwa namweleza hoja kuu ya tasnifu yangu. Kwa kifupi ni hii: mshahara wa manamba ulikuwa mdogo kwa sababu ulihesabiwa kwa mtu mmoja. Mwajiri alisema huyu kwao ni Njombe; mke wake analima huko, watoto wanakula huko, akiugua au akizeeka atarudi huko. Kwa hiyo gharama ya kumzaa, kumlea na kumzika kibarua ilibebwa na shamba la mahindi la mkewe, lililokuwa kilomita 800 kutoka kwenye mkonge. Neno "nyumbani", nilimwambia baba, lilikuwa linafanya kazi kwenye daftari la kampuni kama vile punguzo. Nilijivunia sana sentensi hiyo.

Baba alikaa kimya hadi tukavuka tuta la mwisho. Kisha akasema, "Wewe mama, unaandika kana kwamba tulikuwa mateka."

Nikasema sikusema hivyo.

"Mimi nimezaliwa pale. Nimecheza mpira pale. Jumamosi lilikuja gari la sinema, tunakaa chini mbele ya ukuta wa korona, Waha upande huu, Wamakonde upande ule, sisi hapa katikati. Sijawahi kulala njaa pale kama nilivyolala njaa Njombe mwaka tuliorudi. Halafu wewe unaniambia pale palikuwa punguzo."

Sikumjibu. Ni kweli nilikuwa na jibu, na lilikuwa zuri, ila nililiona likipungua ukubwa kadiri Morogoro ilivyokaribia. Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni, nilifungua pendekezo langu la utafiti nikahesabu: neno "vibarua" mara nyingi nisizoweza kukiri hapa, neno "mtoto" mara moja.

Kulikuwa na jambo ambalo nyaraka nilizozisoma pale Upanga, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ziliniwekea mbali na macho bila kudanganya. Zinahesabu tani, ekari, utoro, siku zilizopotea. Zinamfahamu mtu kwa kiasi alichofika kazini. Babu aliyekaa ndani siku tisa akiwa amefiwa na mtoto, kwenye ripoti ya namna hiyo, angekuwa sehemu ya asilimia ya watoro wa mwezi.

Siku ya pili tulipita Chalinze, tukavuka Wami, tukala Segera. Kabla ya Korogwe mkonge ukaanza kuonekana, kwanza mmoja mmoja kwenye mipaka ya viwanja, kisha mistari mirefu iliyonyooka kama daftari. Baba alishusha kioo. "Sikia," akasema. Hakukuwa na cha kusikia, alimaanisha harufu. Jani la mkonge likisagwa, singa inayopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, na kilichobaki ni maji na nyama za kijani zinazooza. Harufu yake ni chachu, kama ndimu iliyoachwa juani pamoja na majani mabichi ya ng'ombe. Baba alivuta pumzi kama mtu aliyefika baharini.

Mmea huu wote ulianza kwa mzigo ulioharibika njiani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, ukafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata reli. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 220,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Nikiwa mtoto nilikariri jambo hilo shuleni kama sifa, na hakuna mwalimu aliyetuambia sifa hiyo ililala wapi usiku.

Ililala kambini. Shamba la baba sitalitaja jina. Ofisi iliyohusika na mafao ya babu haikuwahi kumlipa alichoahidiwa, aliyeahidi hayupo, na aliyepo leo hahusiki. Tuliacha barabara ya lami, tukaingia njia ya vumbi jekundu. Baba alianza kuelekeza kabla ya kona kufika: hapa duka la Mhindi, hapa zahanati, hapa reli ndogo ya kubebea majani. Karibu vyote havikuwapo. Duka lilikuwa ukuta mmoja wenye mlango. Reli ndogo ilikuwa imeng'olewa, na mtu alikuwa ametumia vipande vyake viwili kama nguzo za uzio wa kuku.

Korona ilikuwepo. Niseme kwamba kwa watu wa mkonge neno hili ni la zamani sana: korona ni kiwanda cha kusaga majani, na jina lilitokana na aina ya mashine za Kijerumani. Mwaka 2020, wakati taifa zima lilipoanza kulitamka neno hilo kwa hofu, Bibi aliuliza kwa mshangao kwani korona imefika vipi Njombe.

Kiwanda kilikuwa kinafanya kazi upande mmoja, na upande mwingine paa lilikuwa limeondoka. Nje, singa zilikuwa zimeanikwa kwenye nyaya, nyeupe na ndefu, zikiyumba pamoja. Babu alimalizia miaka yake hapo ndani, kwenye brashi, mashine ya kusafisha singa baada ya kukauka. Vumbi lake lilimpa kikohozi alichorudi nacho Njombe.

Kwa nini alirudi ni historia fupi. Uhuru ulileta chama cha wafanyakazi chenye nguvu, kisha ukakibana. Kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, Victor Mkello, aliwekewa kizuizi Sumbawanga mwanzoni mwa 1963. Kima cha chini kilipandishwa, nao wenye mashamba wakapunguza watu na kuacha kuleta wageni kutoka mbali. Baada ya 1964 bei ikaanguka, na kamba za plastiki zikachukua soko. Oktoba 1967 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba. Mashine hazikubadilishwa, mkonge haukupandwa upya kwa wakati, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi nzima ilizalisha kama tani 20,000. Babu hakusubiri mwisho huo. Mwaka 1984, mishahara ilipokuwa ikichelewa miezi, alikusanya familia akaondoka na barua ya kuahidiwa mafao. Barua hiyo ipo, imekunjwa pamoja na kadi.

Na Njombe ikawapokea kama wageni. Hili baba alikuwa hajawahi kunieleza. Alilieleza akiwa ameegemea ukuta wa korona, akitazama singa. Ardhi ya babu ilikuwa imegawanywa na ndugu. Wajomba wakubwa waliongea Kibena mezani kwa kasi makusudi. Wadogo zake baba, waliozaliwa kambini na kukua na Kiswahili cha Waha, Warundi, Wamakonde na Wazigua, walikuwa wakiitwa "manamba" hata kanisani. "Tanga tulikuwa Wabena," baba alisema. "Ubenani ndiko tulikogeuka watu wa Tanga." Kampuni ilikuwa imekosea basi, niliwaza, au ilikuwa imedanganya: mahali ilipotutuma kuzeeka hapakuwa pametutunzia nafasi.

Kambi ya Wabena imebaki na nyumba sita. Kwenye ya mwisho alikuwa amekaa mzee mmoja anasuka kamba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Baba akamwamkia pia. Hapo mzee akaacha kamba.

"Sauti hiyo," alisema. "Wewe ni mtoto wa Mbena wa brashi."

Walishikana mikono muda mrefu hadi nikaona haya kutazama. Mzee ni mtoto wa Mmakonde aliyetoka Msumbiji, alizaliwa kambi ya jirani, akahamia hapa nyumba zilipobaki wazi. Alipokea viazi, akazisifu parachichi, akamtuma mjukuu kuchemsha chai. Baba akaanza: unakumbuka uwanja, unakumbuka gari la sinema, unakumbuka fulani aliyepiga zeze. Mzee alikumbuka vyote na kuongeza vingine. Nilianza kuamini kwamba baba ameshinda ule ubishi wa Mikumi.

Kisha baba akasema, "Tulikuwa na maisha mazuri hapa, mzee wangu."

Mzee akasema, "Nyie mlikuwa na kwenu." Aliendelea kusuka. Akaeleza kwamba baba yake hakuwa na pa kurudi. Alikotoka kulikuwa na vita, na vita vilipokwisha hakuna aliyebaki anayemjua. Nyumba anayokaa si yake. Amekaa humo miaka mingi kwa ruhusa ya mdomo, na kila uongozi wa shamba ukibadilika anaomba upya. Mahindi anapanda katikati ya mistari ya mkonge mchanga, kwa makubaliano kwamba mkonge ukikua atahama kipande kingine. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Baba alinywa chai yake yote kabla ya kusema kitu kingine, na alichosema kilikuwa kuuliza yaliko makaburi.

Mzee alituongoza mwenyewe, polepole, kwa fimbo. Makaburi ya kambi yalikuwa nyuma ya tangi la maji, kwenye kipande ambacho zamani hakikupandwa kitu. Sasa kimepandwa. Mkonge ulikuwa umefika kiunoni, umenyooka mistari, isipokuwa sehemu moja, kama ukubwa wa chumba cha darasa, iliyozunguka mwarobaini mkubwa. Mzee alisema dereva wa trekta aliukwepa mti kwa sababu ya mizizi. Makaburi machache yaliyookoka, yaliokolewa na mizizi. Hata hayo hayakuwa na alama. Misalaba ya miti ililiwa na mchwa, na vichuguu vya udongo vililala.

"Watoto walikuwa upande gani?" baba aliuliza.

Mzee alionyesha kwa fimbo, kwa duara pana. Upande ule.

Baba alikuwa na kipimo. Babu alikuwa amemwambia, na amekihifadhi miaka yote hiyo bila kukiandika popote: hatua 60 kutoka kwenye tangi kuelekea jua linakozama. Tangi halipo, lakini msingi wake wa saruji upo. Baba alisimama juu yake, akatazama jua, akaanza kuhesabu kwa sauti. Hatua ya 60 ilimfikisha ndani ya mkonge, mita kadhaa nje ya kivuli cha mwarobaini. Alirudi akahesabu tena kwa hatua ndefu zaidi, kwa kuwa babu alikuwa mrefu kuliko yeye. Akafika mbali zaidi, kati ya mistari miwili. Mara ya tatu hakufika 60. Alisimama kwenye arobaini na kitu, karibu na mti, akaangalia chini.

Mimi nilikuwa na simu mkononi. Nilitaka kupiga picha kwa ajili ya tasnifu, nikairudisha mfukoni.

"Tumjengee hapo?" niliuliza.

Mzee ndiye aliyejibu. "Ukijenga moja, mwalimu, wengine watakuuliza." Hapo, alisema, wamelala Waha, Warundi, Wabena, Wamakonde, mchanganyiko, na wa kwake wawili. Baba alikaa kimya. Kisha akamwambia kwamba kuna mfuko wa saruji kwenye gari, na kama siku moja watu wa kambi wataamua kuweka alama moja ya wote, basi uanzie hapo. Mzee alisema saruji ikikaa muda mrefu inaganda. Baba alisema anajua.

Kabla hatujaondoka, baba alivua kofia, akasema lile alilotumwa. Alilisema kwa Kiswahili: "Dada, mama anasema tulihama." Nilisubiri aongeze, hakuongeza. Njiani nilimuuliza kwa nini hakulisema kwa Kibena kama lilivyotoka kwa Bibi. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. Akasema, "Hakuwa anajua Kibena. Alikuwa mtoto wa hapa."

Tulimpigia Bibi tukiwa Segera, simu ikiwa kwenye spika juu ya meza, kati ya sahani za wali. Mtandao ulikatikakatika. Aliuliza kama tumekula. Aliuliza kama nyumba ipo, baba akasema zipo sita. Hakuuliza kuhusu kaburi, na baba hakusema. Halafu akauliza pale nyuma ya tangi wamepanda nini siku hizi.

"Mkonge, mama," baba akasema.

Kulikuwa na kimya kirefu hadi nikadhani simu imekatika.

"Bado?" Bibi akauliza.